Seli za Mkesha

Aliyelala mwamshe. Usipomwamsha, ndugu watamkalia kikao, na akija kuzinduka atakuta ameshahukumiwa.

Najua wahenga walisema kinyume chake: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Wahenga hao hawakupata kuishi na mimi. Naitwa Faustina Kalinga. Nina miaka ishirini na minne, nina diploma ya misitu, na kazi yangu ni kupanga madaraja ya mbao katika kiwanda kimoja nje kidogo ya Mafinga. Ubao unaletwa mbele yangu, natazama vifundo, nyufa na mapindo, kisha naupiga chaki: wa kwanza, wa pili, wa kuni. Kazi hiyo naiweza kuliko wanaume wanne walionitangulia.

Lakini tangu kidato cha tatu nina usingizi usio wa watu. Hauji kama unavyowajia wengine, kwa kupiga miayo na kunyoosha viungo. Unanikata. Niko katikati ya sentensi, kalamu mkononi, mwalimu ananitazama; mara nazinduka na kukuta mstari wa wino umeshuka mpaka ukingoni mwa daftari. Kahawa haisaidii, maji baridi hayasaidii. Sekondari waliniita Godoro. Chuoni wakaniita Bi Godoro, nadhani kwa heshima ya diploma.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo sikumwambia mtu. Nikicheka kweli kweli, kicheko chenyewe cha kutoka tumboni, magoti yananilegea, taya linaning'inia na kichwa kinaangukia kifuani. Kwa hiyo nilijifunza kucheka nikiwa nimekaa au nimeegemea kitu. Rafiki zangu walidhani nina maringo.

Mwezi wa sita babu yangu, mzee Sosthenes, alizidiwa na ugonjwa wa mapafu. Alikuwa mpasua mbao wa enzi za shimo: gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anashuka chini, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Alivuta vumbi la paini miaka arobaini. Hospitali ikaturudishia, ikasema akae nyumbani, apewe dawa ya maumivu na watu wa kumshika mkono. Nyumbani ni kijijini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu pale Nyololo. Ukoo ukagawana zamu za kumuuguza. Mimi nilikuwa likizo, nikaenda kusimama mbele ya baba mkubwa Aroni, mtoto wa kwanza wa babu, ambaye ndiye aliyepanga zamu hizo.

"Baba mkubwa, nipe zamu yoyote, lakini nisiachwe peke yangu na mgonjwa mchana. Nalala."

"Hata mimi nalala," akajibu. "Kila mtu analala. Ndiyo maana seremala wa vitanda hafi njaa."

Watu wakacheka. Mimi nikashika mlango.

Jumanne mchana ilikuwa zamu ya shangazi Bertha, nami nilikuwa wa kumsaidia tu. Mama yangu, Verediana, alikuwa shambani anachimba viazi. Shangazi alisema atafika saa saba. Saa nane nilikuwa bado peke yangu kando ya kitanda, nimejifinya mkono mpaka umevimba. Babu aliniuliza kama ukungu umepanda. Nikamwambia bado. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho: habari za ukungu.

Nilizinduliwa na ukelele wa shangazi, saa tisa na nusu. Babu alikuwa amekufa, amegeukia upande wangu. Kikombe cha maji kilikuwa sakafuni, na mkeka ulikuwa umelowa.

Tulimzika Alhamisi. Kwetu msiba bila watani haujakamilika. Ukoo wa Jailos na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu, na mtani msibani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa mpaka wakumbuke kwamba wao bado wapo. Katekista alipomaliza sala, Jailos, mzee mwembamba mwenye miguu mirefu kama korongo, alijitokeza akiwa amevaa koti la babu na kofia ya babu, futi kamba mkononi. Akalipima jeneza. Akalipima tena. Akatikisa kichwa vile vile alivyokuwa akitikisa babu.

"Nani kapasua mbao hizi?" alifoka, kwa sauti ile ile ya kukwaruza. "Mbichi! Paini ya miaka minane! Wiki ijayo hii imepinda. Mnataka nikasimame mbele ya Mungu nimepinda kama mguu wa Aroni? Siingii! Rudisheni kiwandani!"

Akajilaza kando ya kaburi kuzuia jeneza lisishushwe. Katekista aligeuza uso, akakohoa kikohozi cha uongo. Mimi nilikuwa katika safu ya wajukuu, mbele kabisa. Hapakuwa na ukuta wala mti wa kushika. Kicheko kikanipanda kabla sijakibana.

Nilianguka kama gunia, uso kwenye udongo mwekundu, mkono mmoja ukining'inia ndani ya kaburi. Sikuzimia. Hilo ndilo watu hawalielewi. Nilisikia nzi, nilisikia mama akiniita, nilisikia udongo ukimomonyoka chini ya mkono wangu. Ila sikuweza kusogeza hata ulimi.

"Amemshika!" shangazi Bertha alilia. "Baba amemshika! Anamvuta!"

Baada ya dakika moja hivi nilinyanyuka mwenyewe, nikajipangusa. Nilikuwa nimeshachelewa. Kabla ugali wa msiba haujaiva, kesi ilikuwa imeiva: babu aliomba maji, mjukuu akalala, babu akafa na kiu, na sasa amemdai mjukuu hadharani. Hakuna aliyesema kwamba kicheko ndicho kilichotangulia. Jailos peke yake aliniangalia kwa muda mrefu, akavua kofia ya babu.

"Siku ya arobaini," baba mkubwa Aroni aliniambia jioni ile, "utapiga magoti kaburini mbele ya ukoo, umwombe mzee radhi kwa kumwacha afe. Usipofanya hivyo, katika nyumba hii hatutakujua."

Usiku huo mama alinikandia mkono kwa maji ya moto. "Piga tu magoti, mwanangu," alisema. "Yaishe."

"Mama, unaamini nilimwacha afe?"

Alichukua beseni akatoka kumwaga maji, akakaa huko nje muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Kusema kweli, hata mimi sikuwa na hakika. Hilo ndilo lililonila. Ningekuwa na hakika kwamba ni kosa langu, ningepiga magoti siku hiyo hiyo na nisingengoja arobaini. Lakini sikuwa tayari kukiri jambo nisilolijua. Nilitaka kwanza kujua ni nini kinachonilaza. Nilikuwa na siku thelathini na saba.

Zahanati ikaniandikia barua kwenda hospitali ya wilaya, wilaya ikaniandikia barua ya rufaa kwenda Mbeya. Kila kituo kilikula wiki. Mbeya nilipokelewa na Daktari Shufaa, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijivu na miwani iliyofungwa uzi. Alinivalisha kofia yenye nyaya, akapima umeme wa ubongo, akaniambia kifafa sicho. Kisha akaweka kalamu chini.

"Dada, nikuulize. Ukicheka sana unakuwaje?"

Nywele zilinisimama. "Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Usingizi wako ndio umeniambia. Magoti yanalegea?"

"Yanalegea."

"Na unasikia kila kitu?"

"Kila kitu, daktari."

Alitabasamu kama mtu aliyeokota ufunguo alioutafuta muda mrefu. Akaanza kunieleza, na nusu ya maneno yalikuwa Kiingereza. Nikamkatiza, maana sina haya.

"Daktari, naomba unieleze kwa Kiswahili chote. Kiingereza nakielewa. Lakini haya nitakwenda kuyasema mbele ya wazee wangu, na nikiwapa Kiingereza watasema nimekosa hoja."

"Mtihani huo," alisema, akacheka. "Kusoma tulisoma kwa Kiingereza." Lakini alivuta kiti karibu na kujaribu, akitafuta neno moja moja kama mtu anayechagua mchele.

Alisema hivi. Chini kabisa ya ubongo, katikati ya kichwa, kuna kisehemu kidogo. Humo mna seli ambazo ni makumi ya maelfu tu, wakati ubongo mzima una seli mabilioni kwa mabilioni. Seli hizo chache hutengeneza kemikali iitwayo oreksini. Si hizo zinazokuamsha. Kuna seli nyingine za kuamsha, na kuna seli za kulaza, na makundi haya mawili ni kama wake wenza: moja likizungumza linalinyamazisha jingine. Kazi ya seli za oreksini ni kulishikilia kundi la kuamsha lisiyumbe, ili mtu akiwa macho abaki macho mpaka wakati wa kulala ufike.

"Zako, kwa ninavyoona, nyingi zimekufa."

"Zimeuawa na nani?"

Aliniangalia. Kwetu swali hilo huulizwa kwa kila kifo, naye alilijua.

"Tunadhani ni askari wa mwili wenyewe. Wanaingia vitani na ugonjwa fulani, mafua makali pengine, halafu wanamkosea adui. Uliwahi kuugua mafua makali kabla haya hayajaanza?"

"Kidato cha pili. Bweni zima."

"Huenda ndiyo hayo. Siwezi kuapa."

"Na kuanguka?"

"Ukiota ndoto, ubongo hufunga misuli yako. Hubakiza macho na pumzi. La sivyo, ukiota unafukuzwa ungekimbia na kuvunja mlango. Wewe kufuli hilo linajifunga ukiwa macho, furaha ikikupiga ghafla. Hakuna anayekusukuma."

Akanieleza kwamba kipimo kamili cha usingizi pale hawakuwa nacho, lakini historia yangu ilitosha kuanza matibabu. Alinipa ratiba ya kulala dakika ishirini mara mbili mchana, kwa saa, kama dawa, na vidonge vya kupunguza kuanguka. Nikavikunja ndani ya leso. Bado nilikuwa na swali moja, ambalo ndilo lililonipandisha basi.

"Daktari, babu angeniita, ningesikia?"

Hakunipa jibu la kunibembeleza, nami namshukuru kwa hilo.

"Mwenye usingizi huu mara nyingi huamka akiitwa kwa nguvu. Babu yako angeweza kuita kwa nguvu?"

"Hapana. Sauti ilikuwa imekwisha."

"Basi sijui. Na wewe hutajua. Ninachojua ni kwamba hukuchagua kulala. Cha kuchagulia ndicho kilichokufa."

Njiani kurudi nilitafuta maneno. Daktari alikuwa amenipa maelezo mazuri, lakini ya hospitali, na mimi nilihitaji ya uani. Nilijaribu taa na betri, nikaziacha. Baba mkubwa angeniuliza betri inauzwa duka gani. Nilipopata nilichokuwa nakitafuta nilifurahi mno, nikalala papo hapo, nikapitiliza Nyololo na kuzindukia Mafinga. Nikapanda gari jingine kurudi nyuma. Sikujali.

Vidonge sikuvimeza. Daktari angenigombeza, na angekuwa na haki. Lakini nilihitaji kuanguka mara moja zaidi.

Nilimfuata Jailos kilabuni, akiwa na kikombe chake cha ulanzi.

"Kamwene, mtani."

"Kamwene, maiti mtarajiwa. Umekuja kufia huku?"

"Nimekuja kukuomba unichekeshe. Ijumaa, mbele ya kikao cha ukoo."

Aliweka kikombe chini. "Siku ile," alisema taratibu, "mimi niliona. Ulicheka kwanza. Nilitaka kusema, lakini nani anamsikiliza mtani akisema la kweli?"

"Ijumaa watakusikiliza. Nitakupa jogoo."

"Jogoo wa kwenu huwa siombi, najichukulia. Ndiyo desturi. Nitakuja."

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya arobaini, ukoo ulikuwa umekaa uani kwa baba mkubwa, watu kama ishirini, vigoda na mikeka. Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti. Shemeji Lusekelo, Mnyakyusa aliyemwoa binamu yangu, alikuwa katibu kwa sababu ya mwandiko wake. Mama alikaa kwenye mkeka karibu yangu, mikono mapajani.

"Faustina," baba mkubwa alianza, "kesho ndiyo siku. Tumeambiwa ulikwenda Mbeya. Sema, kisha tupange mambo ya kesho."

Nilisimama. "Baba mkubwa, wewe ulivuta msumeno wa shimo na babu."

"Miaka sita. Nilikuwa chini, vumbi lote langu."

"Aliye juu akivuta, wa chini anafanya nini?"

"Analegeza."

"Na wote wakivuta?"

"Msumeno unakwama. Swali gani hilo?"

"Na gogo likiwa halijakabwa?"

"Linayumba. Ubao unatoka umekwenda upande. Lazima uligongee kabari huku na huku."

"Asante. Ndani ya kichwa cha kila mtu hapa kuna wapasuaji wawili. Wa juu anakufanya uwe macho, wa chini anakulaza. Mmoja akivuta, mwingine analegeza. Wote ni seli, vijidudu... hapana, si vijidudu. Ni chembe hai, ndogo, hazionekani kwa jicho. Na zipo seli nyingine chache ambazo ni kabari. Hazivuti. Zinakaza tu, ili wa juu amalize zamu yake. Wataalamu wana jina lao. Mimi nimeziita seli za mkesha. Ninyi mnazo. Zangu zimekufa. Ndiyo maana gogo langu linayumba, na wa chini ananyang'anya msumeno saa nane mchana bila kuniuliza."

Mzee mmoja aliyewahi kuvuta msumeno alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka alikuwa upande gani, akaacha.

"Umesema vizuri," shangazi Bertha alisema. Ana sauti tamu shangazi yangu, hata anapokuumiza. "Lakini kaburini hukulala. Kaburini ulivutwa, macho yakiwa wazi. Hizo nazo ni kabari?"

"Ni hizo hizo. Kabari zikikosekana, kufuli la ndotoni linafunga misuli ya mtu aliye macho, akicheka. Sikuvutwa, shangazi. Nilicheka. Nitawaonyesha."

Jailos akatokea nyuma ya jiko, tayari ana jogoo wetu kwapani.

"Sikilizeni," nikasema. "Kaburi liko kule ng'ambo ya bonde. Mimi niko hapa. Mtani atanichekesha na nitaanguka. Msinimwagie maji, msinishike. Nitawasikia wote. Nikiinuka nitawarudishia maneno yenu, neno kwa neno, mjue kwamba sikwenda kokote."

Baba mkubwa alifikiri, akaona hakuna njia ya kukataa utani uani kwake. "Endelea."

Jailos alimkabidhi mtu jogoo, akajinyoosha. Akasimulia jinsi baba mkubwa alivyokwenda kununua kitanda, akakilalia kukijaribu, na mwenye duka akafunga akaenda zake. Watu walicheka. Mimi nilitabasamu tu. Moyo ulikuwa unanidunda mno. Akamwigiza shangazi Bertha akikimbilia basi na kiatu kimoja, akiliapiza. Watu wakashika mbavu. Mimi, hakuna. Nilijaribu kujichekesha, nikatoa sauti kama mbuzi. Magoti yalibaki magumu kama miti ya mninga.

"Cheka basi, Bi Godoro!" Jailos alinong'ona, jasho likimtoka.

"Sichekeki kwa amri, mtani."

"Unaona?" shangazi alimwambia jirani yake. "Hakuna kitu."

Jailos alivua kofia akaitupa chini.

"Misiba kumi na saba!" alipaza sauti. "Misiba kumi na saba sijashindwa! Wajane wamenicheka, padri amenicheka, marehemu mmoja nusura afufuke! Leo naaibishwa na mpiga chaki!"

Baba mkubwa alikohoa, akaweka miwani sawa. "Katibu, andika. Ajenda ya tatu: kuchekeshwa kwa Faustina. Mtani amechekesha mara mbili, bila mafanikio."

Shemeji Lusekelo aliinua kalamu, uso mkavu kabisa. "Mwenyekiti, niandike nani ameunga mkono hoja?"

Basi. Kilinitoka tumboni bila hodi. Taya likadondoka, shingo ikafuata, magoti yakaachia, nikaona mkeka ukija.

Nikawa pale chini, shavu kwenye ukindu, macho nusu wazi, na kila sauti ikiniingia safi.

"Mimi sijachekesha!" Hiyo ilikuwa ya baba mkubwa. "Nimesema ajenda tu!"

"Aroni umeninyang'anya kazi!" Jailos huyo.

"Anapumua. Tazameni, anapumua vizuri."

"Na mzee hayupo hapa. Au yupo?"

"Msimguse." Mama. Nilihisi akinisukumia kitenge chini ya kichwa. "Amesema tumwache. Mwacheni."

Kisha miguu miwili ilikuja kusimama karibu na kichwa changu, viatu vyeusi vya kanisani. Shangazi Bertha alimwinamia baba mkubwa juu yangu. Watu wakinena juu ya maiti huwa hawapunguzi sauti vya kutosha.

"Aroni, hata kama ni ugonjwa, aombe tu radhi kesho. Asipoomba yeye, wataanza kuuliza ilikuwa zamu ya nani."

"Ataomba," baba mkubwa alijibu. "Mwache ainuke."

Vidole vilirudi kwanza, kisha shingo. Nilikaa, nikajipangusa shavu, nikasimama. Nilimgeukia Jailos. "Umesema baba mkubwa amekunyang'anya kazi." Nikamgeukia mzee wa msumeno. "Wewe umeuliza kama babu yupo hapa au hayupo." Watu waliguna. Nikamgeukia shangazi, na hapo nilisema taratibu, kwa maana sikutaka neno hata moja lipotee.

"Shangazi umesema hata kama ni ugonjwa, niombe tu radhi, nisipoomba mimi wataanza kuuliza ilikuwa zamu ya nani. Na baba mkubwa umejibu kwamba nitaomba."

Hakuna aliyesogea, jogoo tu. Shangazi alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nilimwona amekuwa mzee ghafla, na nilimhurumia. Alimpenda baba yake, na alichelewa, na alikuwa hajui aliweke wapi jambo hilo.

Mama ndiye aliyesema. "Ilikuwa zamu yako, Bertha." Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Na wewe ulituambia usiachwe peke yako. Ulituambia, tukacheka."

Baba mkubwa alivua miwani, akaifuta. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea mambo yaishe.

"Haya," alisema hatimaye. "Mzee hakumvuta mtoto. Hilo tumeliona, naliondoa. Ugonjwa tumeuona. Lakini Faustina, mzee alikufa hana wa kumpa maji. Watu wameshaalikwa kesho. Sema neno moja tu pale kaburini, si kwa sababu una hatia, kwa ajili ya amani ya nyumba. Useme 'nisamehe, babu', tule, tutawanyike. Shangazi yako naye apone."

"Baba mkubwa, babu alikufa nikiwa hatua moja kutoka kitandani kwake, na kikombe kilikuwa chini. Hilo litaniuma mpaka nizeeke, na halitaki kikao. Kesho nitakwenda kaburini. Nitamlilia, kwa sababu sijapata nafasi ya kumlilia tangu mlipoanza kunishitaki. Nitaimba na ninyi, nitapika na ninyi. Shangazi akitaka kupiga magoti, nitamshika mkono ili asipige peke yake."

"Na wewe?"

"Mimi sipigi."

"Neno moja, mwanangu. Dogo."

"Ni dogo, ndiyo. Lakini nikilisema, kesho kutwa mtoto mwingine wa nyumba hii ataanza kulala darasani, na mtamwambia alale tu, dawa yake ni magoti, hata Faustina alipiga."

"Mbele ya mama yako unanikatalia?"

"Mbele ya mama yangu. Siombi radhi, baba mkubwa. Leo siombi, na kesho kaburini siombi."